Unga Ulioumwaga kwa Jina Langu

Baba Tatu,

Zamani ningeanza na shikamoo, na wewe ungeitikia marahaba kabla sijaimaliza, kwa ile sauti yako ya kujivuta. Leo shikamoo yangu nimeibakisha. Utajua kwa nini ukifika mwisho, na nakuomba usirukie mwisho kama ulivyozoea kuruka mambo.

Barua hii si ya siri. Mwanao Tatu ameisikia, kaka yangu Saidi ameisikia, na jirani aliyekuja kuomba chumvi kasikia nusu yake. Ikifika huko mtoni akaisoma mpishi, akaisoma meneja, na wasome tu. Mambo yangu wewe unawasimulia watu usiowajua, wamekaa na glasi mkononi. Basi na mimi safari hii nisimulie.

Naanza na bonde, maana ndipo na wewe unapoanzia.

Ulikuja Newala ukiwa tingo wa lori la korosho, kijana wa Masasi mwenye suruali moja na maneno mengi. Maji ya bomba huku juu yalikuwa habari ya kusikia tu. Sisi wasichana tulishuka bondeni alfajiri, tukapanda na ndoo kichwani, na jua lilitukuta kwenye kona za mwisho za mlima. Asubuhi moja nikageuka nikakuona nyuma yetu. Ndoo kichwani, ngata umeisokota vibaya, maji yanakuchuruzika mgongoni. Wenzangu walicheka mpaka mmoja akamwaga ya kwake. Tangu siku ile walikuita Bwana Ndoo, na shangazi zangu wakauliza kama huko kwenu Masasi wanaume ndio wanaosonga ugali. Nilipokuuliza umefuata nini bondeni, ukanijibu, "Nataka kujua unapotelea wapi kila asubuhi."

Maneno hayo yamenilisha miaka, Baba Tatu. Kila watu waliponiambia huyu si mtu wa kukaa, nilikumbuka ule mgongo ulioloa, nikasema moyoni, hawamjui.

Kule chini nilikuchotea maji kwa kata ya kibuyu ya mama yangu, ukanywa umechuchumaa. Kata ile mama alinipa tulipooana. Ikaning'inia juu ya mtungi wetu miaka yote, na wewe ulikuwa hunywi kwa kikombe, unataka kata. Ulipoondoka, nayo ikaondoka. Nilitafuta mpaka chini ya kitanda. Sikuwaza kabisa kwamba mtu anaweza kuacha mke, akaacha mtoto, akaacha hata viatu vyake vya Idi, akabeba kata.

Wakumbuka msimu wetu wa kwanza wa mabibo? Ulikuwa hujui kukamua. Ulikaza mikono kama unanyonga kuku, maji ya bibo yakakurukia kifuani, na shati lako pekee la kutokea likapata madoa. Nikakwambia madoa ya bibo hayatoki hata ufanyeje. Ukalivaa hivyo hivyo Ijumaa, ukajipitisha mbele ya msikiti, ukisema umepigwa muhuri na ukweni. Nilikupenda siku ile mpaka nikaona aibu. Mimi Muislamu ninayekamua uraka, pombe ya mabibo, hilo mimi na Mungu tutamalizana wenyewe, lakini uraka wangu ndio uliokuweka mjini. Watu walitoka mbali kuja kunywa kwetu, na wewe ulikaa katikati yao ukiwapigia hadithi. Ulijua kusimulia. Hilo sikunyimi hata leo.

Kisha wakaja wale wenye hoteli ya mahema.

Wewe ndiye uliyenieleza, tumekaa uani tunapukuchua mbaazi, macho yanakuwaka. Wageni watashuka na ndege ndogo Masasi, watapita chini ya ile milima ya mawe wakipiga picha, watapandishwa Newala kuona boma la Wajerumani na wachonga vinyago, halafu watateremshwa mpaka Ruvuma, ukingoni kabisa. Huko watalala kwenye mahema yenye vitanda vya watu wanne na bafu la miguu minne linalotazama mto. Watatembezwa kwa boti lenye viti vya mito waone viboko. Na msimu wa mabibo watapandishwa huku kuonja uraka, ambao huko kwao, ulisema, utaitwa waini ya mabibo. Nikacheka nikauliza, sasa na mimi nitaitwa nani? Ukasema wanatafuta mtu wa hapa anayejua mila na anayejua Kiingereza. Kiingereza chako cha kubembelezea wanunuzi wa vinyago kikawa kimepata kazi. Ukaniambia ni msimu mmoja tu.

Msimu ukaisha, korosho zikaanguka, zikaokotwa, zikauzwa, mvua zikaja, na wewe hukuja. Salamu zilikuja mwanzoni, kisha nazo zikachoka njiani. Talaka hukutuma. Mume sina, mtalaka si mimi, nikikaa na wanawake wenzangu sijui nikae upande gani. Hata msibani kuna sehemu ya wajane, wanajulikana, wanapewa mkeka. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni.

Bado nilikutetea. Tatu akiuliza, namwambia baba yako ana kazi nyingi. Mtoto akamaliza shule, akapata ufundi cherehani, akapata mchumba, kijana mtulivu wa Nanganga ambaye wazazi wake walikuja kwa heshima zote. Nikasema sasa Baba Tatu atapanda. Hili hawezi kulikosa.

Mwezi wa kumi mwaka jana akaja dereva kutoka huko kwenu. Meneja mpya anatafuta uraka safi, ameambiwa kuna mama Newala, mkono wake haufananishwi. Hakujua mimi ni nani kwako. Nilifurahi kijinga, nikwambie ukweli. Nilikamua mabibo yaliyoiva vizuri, nikachuja mara mbili kwa kitambaa kipya, nikavaa kitenge changu cha kijani ulichokuwa ukikisifu, nikapanda bodaboda na madumu yangu, nikashuka mlima ule ule. Njia nzima nilikuwa napanga nitakayokwambia. Kwanza ningekusema, kisha ningekwambia mwanao anaolewa.

Jikoni nilimkuta Mama Shukuru, mtu wa Lukuledi, aliyekulia misheni na kupikia wazungu maisha yake yote. Aliponiuliza jina nikamwambia Somoe binti Issa, wa Newala, mama yake Tatu. Sufuria ilimponyoka. Akaniketisha, akanipa maji, akawa ananitazama mikono na miguu kana kwamba anahakikisha vyote vipo. Nikadhani ana wazimu kidogo. Nikakaa nikitazama mahali penyewe: bwawa la kuogelea la buluu, maji yamejaa mpaka yanamwagika pembeni, na sisi huku juu ndoo tunainunua. Nikaona mezani ming'oko tuliyokuwa tukiichimba porini mwaka wa njaa, imekatwa vipande vidogo, imepambwa majani. Nikaona uraka wangu unamiminwa kwenye glasi za miguu mirefu, na kipande cha limau pembeni. Maskini limau, nani alilialika.

Ndipo nikakusikia.

Jua lilikuwa bado lipo juu ya mto. Wageni walikuwa wanakusanyika kabla ya kupanda boti. Nilichungulia penye ua wa matete, nikakuona umevaa kanzu mpya na shuka nyekundu begani ambayo hakuna mtu wa ukoo wowote wa huku anayeivaa. Mkononi una kata ya mama yangu. Chini ya mti mmoja karibu na gati palikuwa na mkeka, na juu ya mkeka unga mweupe pee.

Nilidhani unaomba safari njema, kama tunavyoomba sisi. Mtu akitaka kusafiri, wakubwa wanamwaga unga wa mtama chini ya mti wa mizimu, unasimama kama kichuguu kidogo, unaachwa mpaka asubuhi. Ukikutwa umesimama, nenda. Ukikutwa umeanguka, kaa nyumbani. Nikasema, si vibaya, anawafundisha. Mama Shukuru akaninong'oneza kwamba ule ni unga wake wa ngano wa maandazi, wewe unammalizia debe kila wiki, na unaulowesha kidogo usije ukaanguka, maana wageni wameshalipia boti. Nilitaka kucheka.

Halafu ukachuchumaa ukaomba kwa Kiswahili, kwa sauti ya kutetemeka ambayo sikuwahi kuisikia hata siku tuliyomzika mama yako. Ukasema, "Marehemu mke wangu, Somoe binti Issa, uliyenichotea maji bondeni, pokea unga wa wageni wako."

Nilijishika kifua. Unajua mtu akitajwa hivyo kwenye unga maana yake nini. Kwetu hata mgonjwa aliyekata kauli hatajwi pamoja na mizimu mpaka azikwe. Mwanamke akikosea akamtaja mtu aliye hai kwenye unga wa wafu, watu wanakimbilia kumziba mdomo. Na wewe unanitaja kila wageni wanapokuja, misimu sijui mingapi.

Ukageukia Kiingereza, na Mama Shukuru akawa ananitafsiria huku machozi yanamtoka. Ukawaeleza ndoo. Ukawaeleza ngata iliyosokotwa vibaya. Ukawaeleza "unapotelea wapi kila asubuhi". Kisha ukawaambia kwamba asubuhi moja mkeo alishuka bonde akiwa na mimba, akateleza na ndoo, hakupanda tena. Na hii ndiyo kata yake. Kikongwe mmoja wa kizungu, mwenye kofia, akapiga magoti, akachukua unga kwa vidole, akaumwaga taratibu, akasema, "Somowi."

Nikatoka. Sikupanga, miguu ilitoka yenyewe. Nikasimama mbele yako na kitenge changu cha kijani, nikasema, "Baba Tatu, mimi ndiye niliyekufa?"

Nilikuona ulivyopauka. Nilikuona unanitambua, tena kuna kitu usoni mwako kilitaka kufurahi, naapa nilikiona. Kwa kitambo kidogo tu ulikuwa Bwana Ndoo. Kisha ukawatazama wageni wako, ukatabasamu, ukasema maneno mawili matatu ya Kiingereza, na wote wakafanya "ooh". Mama Shukuru hakutaka kunitafsiria. Nilimlazimisha. Akasema, "Amewaambia wewe ni mdogo wake marehemu."

Yule kikongwe akanikumbatia. Alikuwa ananukia sabuni nzuri. Alilia begani kwangu, akinipa pole ya kifo changu, na mimi, Baba Tatu, nilimpigapiga mgongoni nikamwambia asante, tumeshapoa. Ningefanya nini? Yule mama hakuwa na kosa. Ukawapandisha boti, mkaondoka. Ukageuka mara moja. Nilidhani utapunga mkono, ukapanga mito ya viti.

Nilipanda mlima kwa miguu. Madumu niliyaacha huko.

Nilijitahidi kulimeza peke yangu, likashindikana. Saidi ndiye mjomba wa Tatu, na wewe hujasahau kwamba kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Bila yeye kumwaga unga wa ndoa, Tatu haolewi akatoka nyumbani kwa mama yangu, anatoka kama mtoro. Nilipomsimulia akaniuliza kama nina uhakika kwamba ulilitaja jina lote. Nikasema lote, na la baba. Nikajitetea, nikamwambia ulikuwa unga wa ngano, kaka, tena wa maandazi, una maji. Akasema, "Unga ulikuwa wa ngano, lakini jina lilikuwa lako."

Akanieleza waziwazi. Mama aliyekwishatajwa pamoja na wafu hawezi kusimama nyuma ya binti yake kwenye unga wa ndoa. Akisimama, mtoto anafungwa. Njia zipo mbili tu. Ama aliyelitaja jina aje mwenyewe, alitoe kwa mkono wake na kwa mdomo wake, pale pale kwetu, mbele ya watu. Ama aliyelitaja awe amekufa, kwa sababu maneno ya marehemu juu ya mtu huondoka naye. Ya pili hakuna aliyeizungumzia. Wote tulisema atakuja, ni mwanawe.

Tatu akakupigia simu. Nilikuwa pembeni, nilisikia. Hukukana. Ulimwambia, "Mwambie mama yako ile ni kazi. Wageni wanapenda hadithi yenye kifo." Ukasema utatuma mchango mkubwa wa harusi. Mtoto akakuambia hataki mchango, anataka uje umtoe mama yake kwa wafu. Ulicheka kidogo, kisha ukaona hacheki, ukaahidi kuja Ijumaa.

Ijumaa ile Tatu alifagia uwanja mara mbili. Wazazi wa kijana walifika kutoka Nanganga, wamevaa vizuri, wamekaa kwenye mkeka. Mimi nilikuwa nimekaa ndani nyuma ya pazia, maana nje pale sikuwa na mahali pa kukaa. Nilipika wali na samaki wa kuchoma, nikakuwekea kipande cha kichwa unachokipenda. Ndiyo, nilikuwekea. Kila bodaboda iliyopita barabarani Tatu alinyanyuka. Adhuhuri ikapita, alasiri ikaingia, ukatuma ujumbe kwamba wamekuja wageni wakubwa, huwezi kutoka, wafanye tu, utakuja siku nyingine.

Saidi akasoma Fatiha, akachukua unga wa mtama, akachuchumaa chini ya mti nyuma ya nyumba ya mama. Kwa desturi, mjomba humuuliza binti walipo wazazi wake, naye hujibu, ndipo unga humwagwa. Nilikuwa nyuma ya pazia nikingoja aanze kwangu, nijue mtoto wangu atasema nini. Saidi ni mtu mzima, akaanza kwako. "Baba yako yuko wapi?"

Tatu hakulia. Ana sauti kama yako, ya kujivuta, mtoto wa watu.

Akasema, "Marehemu, mjomba."

Saidi akamtazama, akarudia kumuuliza, kwa sababu hilo si neno la kusikilizwa mara moja. Akajibu vilevile. Saidi akamwaga unga, akalitaja jina lako lote na la baba yako, akawaambia wakubwa waliotangulia wakupokee, ulikuwa msimuliaji mzuri. Kisha akageukia mlangoni akaita, "Mama Tatu, toka nje. Aliyekutaja hayupo tena."

Nikatoka. Wakanipa mkeka.

Usiku ule sikulala, nikwambie bila kuficha. Nilikuwa nasikiliza upepo. Nusu yangu iliomba unga uanguke. Niliomba upepo uje, mbuzi afungue kamba, kuku akapekue, ili asubuhi Saidi aseme wakubwa wamekukataa, kuna mtu bado yu hai huko mtoni. Hivyo ndivyo nilivyo mpumbavu kwako mpaka leo. Kulipopambazuka tulikwenda wote kutazama, Tatu akiwa mbele.

Ulikuwa umesimama, Baba Tatu. Mkavu, mtama mtupu, hakuna aliyeulowesha.

Nilikulilia pale pale. Nilikulilia vizuri, kwa jina, kama inavyotakiwa, nikamlilia na yule kijana wa ndoo, kwa sababu sikuwa nimepata nafasi ya kumlilia alipofariki. Wanawake wa jirani walikuja wakanishika. Wengine walijua, wengine hawakujua, wote walilia. Saidi aliniuliza kuhusu eda. Nikamwambia ile nilishaikaa, miaka yote uliyonikalisha. Akasema inatosha.

Harusi ni baada ya korosho kuuzwa. Nakutaarifu tu, sikualiki. Usije, tafadhali. Kuna watoto watakuwepo na wazee wenye presha, nao wameshakusikia ukitajwa, watu wataogopa. Huko mtoni endelea kuwasimulia wageni wako. Mkeo mwambie afe kila jioni ukitaka, mimi sidhuriki tena. Ila kata ya mama yangu mpe Mama Shukuru aitume kwa dereva. Vitu vya marehemu hurudishwa kwa jamaa, na jamaa ya hicho kitu ni mimi.

Nilikuwa nakwenda kuandika "kwaheri", nimeona haiandikiwi mtu wa huko uliko. Basi lala pema, Bwana Ndoo.

Mimi,
mjane wako,
Mama Tatu.